Namna ya kumwachia mtoto kiwanja cha mlimani kikiwa bado kimesimama: mwongozo kwa wenye parseli Bukavu

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu mwenye kiwanja (parseli) kwenye mteremko mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, awe Kadutu, Bagira, Ibanda au kwenye vilima vya Kabare vinavyouzunguka mji, ambaye anatarajia kwamba siku moja watoto wake watajenga na kulala hapo. Wengi wetu tukisikia neno urithi tunafikiria nyumba na hati yake. Mlimani, hata hivyo, kitu cha kwanza anachorithi mtoto ni njia ya maji, yaani mahali ambapo mvua inaingilia kwenye kiwanja, inapotulia, inapotokea, na mtu anayeipokea kule chini. Njia hiyo ikiachwa ovyo itakula kiwanja polepole, hata kama hati iko salama ndani ya sanduku.

Hayo niliyajua kwa kuchelewa. Baba yangu alinunua kiwanja chetu wakati mteremko ule ulikuwa bado na migomba na mihogo. Nilipokuwa mdogo, mfereji uliopita kando ya jiko letu niliuruka kwa hatua moja. Nilipomaliza shule ya sekondari, tuliuvuka kwa ubao. Leo ni korongo ambalo mtu mzima akisimama ndani yake unaona kichwa chake tu, na usiku mmoja wa Aprili choo cha jirani yetu wa chini kiliangukia humo. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu, lakini maji yaliyokichimba choo kile yalitoka kwenye bati letu.

Soma mlima mvua ikinyesha

Kabla ya kushika jembe, ngoja mvua kubwa, toka nje na mwavuli, uyafuate maji kuanzia pale yanapoingia kwenye kiwanja chako hadi pale yanapotoka. Msimu wetu wa mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, kwa hiyo nafasi haikosi. Angalia ni wapi maji yanatembea yakiwa safi na ni wapi yanageuka kuwa mekundu, kwa sababu pale yanapobadilika rangi ndipo udongo wako unapoanza safari. Chukua chupa tatu za plastiki zinazoonyesha ndani, jaza moja pale maji yanapoingilia, ya pili katikati na ya tatu pale yanapotokea, kisha uzipange dirishani hadi asubuhi. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, chupa ya juu ilikuwa na tope la unene wa ukucha, na chupa ya chini ilikuwa na tope la vidole viwili. Tofauti ile ilikuwa kiwanja chetu chenyewe, kikiteremka kuelekea mto Kahwa na kutoka huko hadi ziwani.

Siku hizo hizo pigilia kigingi. Tafuta kipande cha chuma cha beto (nondo) chenye urefu wa mita 1, ukipigilie mahali pagumu, mbali na ukingo wa korongo, upime kwa utepe wa fundi kutoka kwenye chuma hadi ukingoni, na uandike tarehe. Sisi tulianza na mita 5 na sentimita 20. Mwaka uliofuata zilibaki mita 4 na sentimita 75. Kabla ya kipimo hicho, kila mtu nyumbani aliamini kwamba korongo lilikuwa limetulia, maana jicho linaloona kitu kila siku halioni kikisogea.

Kisha fanya hesabu ya bati lako. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba ya mita 10 kwa 6 ina paa la mita za mraba 60, kwa hiyo mvua ya milimita 30, ambayo kwetu si jambo la ajabu, inateremsha lita 1,800, sawa na bidoni 90 za lita 20. Hebu wazia watu 90 wamepanga foleni kwenye ukingo wa kiwanja chako, kila mmoja akimwaga bidoni yake mahali pamoja, wote katika muda wa mvua moja. Mteremko wenye migomba ulikuwa ukiyanywa maji yale taratibu. Bati na saruji havinywi hata tone. Kila nyumba iliyojengwa juu yako imekuongezea foleni hiyo, nawe umemwongezea aliye chini yako.

Kuna alama nyingine ambazo ni lazima uzitafute kwa makini, kwa kuwa zinabadilisha ushauri wote unaofuata. Tazama kama kuta zina nyufa za mshazari zinazoendelea kupanuka, kama mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unagoma, kama nguzo na miti vimeinamia upande mmoja, au kama chemchemi mpya imejitokeza mahali palipokuwa pakavu. Alama hizo zikionekana pamoja, huenda si maji ya juu peke yake yanayokusumbua, bali mlima mzima unasogea chini kwa chini. Funu, hapa hapa Bukavu, ni mfano tunaoufahamu. Watafiti waliolinganisha picha na vipimo vya takriban miaka 70 walionyesha mwaka 2022 kwamba maporomoko hayo makubwa, ambayo huenda polepole, yameongeza mwendo kwa sababu mji umejengwa juu yake, na kwamba namna paa, barabara na mabomba yanavyobadilisha mapito ya maji ni sehemu ya chanzo. Mahali pa namna hiyo usichimbe mitaro ya kuyatuliza maji ili yazame ardhini, kwa sababu utakuwa unaulainisha mlima kutoka ndani. Yaondoe yote kwa mfereji wa mawe usiovuja, ziba kila bomba linalovuja, wala usiongeze ghorofa. Kama nyufa zinapanuka mwezi hadi mwezi, hamisha watoto kabla ya kuhamisha vyombo.

Sisemi hivi kumtia mtu hofu. Mwezi Mei mwaka 2023, katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, eneo la Kalehe, mvua ya siku moja iliteremsha maji, mawe na matope, na watu zaidi ya 400 wakapoteza maisha. Sote tunajuana na mtu aliyezika ndugu huko.

Chora mistari ya usawa

Kama kiwanja chako hakina alama nilizozitaja, kazi ya kwanza ni kuyazuia maji yasishuke moja kwa moja. Chombo unachohitaji hakinunuliwi. Tafuta miti miwili iliyonyooka, kila mmoja wa mita 2, na wa tatu wa mita 1 na nusu. Ile mirefu ifunge pamoja kileleni, ipanue miguu, kisha ule mfupi uufunge kwa mlalo katikati ili umbo lifanane na herufi A. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, ishuke hadi chini kidogo ya mti wa mlalo. Simamisha A yako, weka vigingi pale miguu ilipokanyaga, na utie alama kwenye mti wa mlalo pale kamba inapogusa. Sasa igeuze, mguu wa kushoto ukanyage palipokuwa mguu wa kulia, utie alama ya pili. Katikati kabisa ya alama hizo mbili ndipo kamba itakapotulia kila mara miguu yote miwili inapokuwa kwenye usawa mmoja.

Tembea nayo kwa kuvuka mteremko, mguu mmoja ukibaki palepale na mwingine ukitafuta usawa, na kila unapoupata upigilie kijiti. Ukimaliza utaona mstari wa vijiti unaojipinda kama nyoka, nao utakushangaza, kwa sababu macho yetu hudanganyika sana mlimani. Usiunyooshe ili upendeze. Ukitaka kujua mstari wa pili upite wapi, simama kwenye mstari wa chini, tazama mbele bila kuinua wala kuinamisha kichwa, na pale macho yako yanapougusa mlima ndipo mahali pake. Kwa mtu wa kimo cha kawaida, tofauti hiyo ni kama mita 1 na nusu, ambayo yatosha kwa miteremko yetu mingi.

Kando ya vijiti chimba mtaro wa kina cha sentimita 40 hadi 50, na udongo unaouchimba uutupe upande wa juu. Mtindo huu wakulima wa Kenya wanauita fanya juu, na jina lenyewe linaeleza kazi. Tuta linalojengeka juu ya mtaro hushika udongo unaoteremka, na mwaka baada ya mwaka sehemu ya juu hujisawazisha yenyewe hadi kiwanja kinakuwa ngazi. Kwenye shamba la Kabare mtaro unaweza kukaa kwenye usawa kamili na kuyanywa maji. Kwenye parseli ndogo ya mjini, penye kuta na vyoo chini yake, uinamishe kidogo sana kuelekea upande mmoja ili maji yanayozidi yafike kwenye mfereji wa mawe bila haraka.

Nyasi kwanza, miti baadaye

Watu wengi wenye nia njema huanza na miti, nami nadhani hapo ndipo tunapokosea. Mti mchanga haushiki chochote kwa miaka miwili au mitatu, na katika muda huo mvua haisubiri. Anza na nyasi juu ya tuta. Vetiva ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mizizi yake inashuka wima, inaweza kuzidi mita 2 au 3, tena haisambai ovyo kwa mbegu. Huoteshwa kwa kugawa shina: ng'oa kichaka kimoja, kitenganishe kwa mikono katika vipande vyenye machipukizi mawili au matatu, kata majani yabaki ya urefu wa kiganja, kisha upande kwa mstari mmoja ukiacha sentimita 10 hadi 15 kati ya kipande na kipande. Nafasi hiyo ndogo ndiyo siri ya kazi. Ukiacha mita nzima ili kuokoa mche, maji yatapita katikati kama mtu anayepita mlangoni, na yatachimba pale pale. Panda mwanzoni mwa mvua, mahali penye jua. Anayefuga mbuzi, sungura au dende (panya wa Guinea) anaweza kupanda nyasi za malisho kama matete au tripsakamu kwenye mistari mingine, akavuna majani bila kung'oa shina.

Nyasi zikishika, ndipo upande miti, nayo ichaguliwe kwa mahali inaposimama. Grevilea inafaa mpakani kwa kuwa inakubali kukatwa matawi na haigombani sana na mazao. Kaliandra na lusena hukua haraka, majani yake hulisha mifugo na kurutubisha udongo, na vijiti vyake hupunguza haja ya kununua makala, yaani makaa ya kupikia. Mwanzi unafaa kwenye kingo za mfereji wa chini. Mparachichi, ambao sisi tunauita avoka, uweke kwenye sehemu iliyosawazika, na ukipata mche uliounganishwa utaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Usiutegemee mgomba kushikilia ukingo, kwa sababu mizizi yake ni ya juujuu na shina lake limejaa maji. Ukingo ukikatika, huanguka nao.

Mkaratusi una watetezi wengi, nami siwalaumu, maana umewajengea watu nyumba na kuwasomesha watoto. Lakini usiupande karibu na chemchemi wala karibu na kisima, kwa kuwa unakunywa maji mengi, na usiuache ukarefuka kwenye ukingo uliokatwa kwa ajili ya nyumba, kwa kuwa upepo ukiutikisa unaulegeza udongo wote unaoushikilia. Mahali pake ni kipande cha mbali ambacho hakilimiki, ukiwa na mpango wa kuvuna na kuacha visiki vichipuke.

Yupo msomaji atakayesema kwamba hana ruhusa ya kupanda hata mti mmoja. Huko Bushi, nchi ya Washi inayouzunguka mji, anayelima kwa bwasa, yaani kwa kukodi shamba kwa msimu, kwa kawaida haruhusiwi kupanda mazao ya kudumu, kwa sababu mti uliopandwa huonekana kama dai la umiliki, tofauti na mwenye kalinzi, yaani haki ya kudumu ya ardhi kwa desturi. Mtu huyo aombe ruhusa ya nyasi peke yake, amwonyeshe mwenye ardhi zile chupa tatu, na mara nyingi atakubaliwa, kwa kuwa udongo unaobaki ni wa mwenye shamba.

Maji ya bati

Zile bidoni 90 nilizozihesabu ni hatari na ni mali, kutegemea mahali unapozipeleka. Weka mfereji wa bati ukingoni mwa paa, hata kama ni upande mmoja kwa kuanzia, uelekeze kwenye tangi lenye mfuniko. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite bila kuingia, kwa sababu inaosha vumbi na uchafu wa ndege. Pipa la lita 200 ni mwanzo wa heshima, ila lisikudanganye: katika mvua ile ya lita 1,800, lita 1,600 bado zinataka njia. Kwa hiyo bomba la kufurikia ni muhimu kuliko tangi lenyewe. Lilazwe hadi kwenye mfereji uliopangwa mawe, usioishia ukingoni mwa kiwanja bali kwenye mfereji wa avenyu (mtaa), na kama mfereji huo haupo, hapo ndipo salongo ya Jumamosi, yaani kazi ya pamoja ya wakaaji, ina kazi ya maana ya kufanya. Pale maji yanaporuka kutoka juu kwenda chini, panga mawe makubwa kama ngazi ili yapoteze nguvu.

Choo kikae chini ya chemchemi wala si juu yake, na umbali usipungue mita 30. Kipindupindu tunakifahamu vya kutosha.

Vitu visivyofaa kuachwa ardhini

Kila kiwanja cha zamani mjini kina tabaka lake. Tulipochimba msingi wa jiko jipya, katika kina cha goti tulikuta sashe (mifuko) za plastiki zilizofungamana na mizizi, moja bado ikiwa na maandishi yake yanayosomeka, ingawa duka lililouza kitu kile lilifungwa kabla sijaoa. Maji hayapiti kwenye tabaka hilo wala mzizi haushiki. Hukaa katikati ya udongo kama shuka iliyotandikwa, na udongo wa juu ukilowa huteleza juu yake.

Sashe ambazo haziko ardhini ziko majini. Mvua huzikusanya kutoka kwenye makorongo hadi ziwa Kivu, ziwa huzisukuma hadi pale mto Ruzizi unapoanzia, na huko hukwama kwenye bwawa la umeme lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako wafanyakazi wanazitoa kwa mikono na kwa mashine ili mitambo isizimike. Zinazopita hushuka hadi ziwa Tanganyika, kwa watoto wa Uvira na Bujumbura ambao hawakununua kitu chochote ndani yake. Agizo la serikali la tarehe 30 Desemba 2017 lilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki nchini kwetu. Kila mtu anaona sokoni mambo yalivyo. Hatua ya nyumbani ni hii: tenganisha takataka katika ndoo mbili. Maganda ya ndizi, mihogo na mboga yaende kwenye shimo la mboji, yafunikwe kwa majani na udongo, yageuzwe kila baada ya wiki mbili au tatu, na baada ya miezi mitatu hivi uyapeleke kwenye mistari ya nyasi na miti. Plastiki ikusanywe ikiwa kavu, apewe mtu au chama kinachoikusanya, isizikwe na isitupwe korongoni. Betri za redio na tochi zitie kwenye chupa yake peke yake, mbali na bustani.

Kuhusu makala nitasema machache, ingawa yanastahili mwongozo wake. Tanuru la udongo hutumia kilo 5 hadi 10 za kuni ili kutoa kilo 1 ya makala, na sehemu ya kuni hizo imekatwa katika Kahuzi-Biega, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1980. Mbabula (jiko la makala) iliyoboreshwa yenye kuta za udongo wa kuchoma, maharage yaliyolowekwa usiku kucha, na sufuria iliyofunikwa hupunguza gunia bila kupunguza chakula. Na tukiitaja hifadhi hiyo tukumbuke kwamba Batwa walioishi humo waliondolewa ili msitu uhifadhiwe, na kidonda hicho bado hakijapona. Kuna watu wanaolipia kile tunachowawekea watoto wetu, na ni wajibu wetu kuwajua ni akina nani.

Kugawa bila kukata njia ya maji

Hapa ndipo naona kazi ya maisha yote inapoharibika kwa siku moja. Mzazi anafariki, watoto wanne wanaita mpimaji, kiwanja kinakatwa vipande vinne, kila mmoja anajenga ukuta wake, na ule mtaro uliopita katikati unafukiwa kwa sababu umeangukia kwenye kipande cha mtu anayetaka kuweka sebule. Aliyepata kipande cha chini, ambaye mara nyingi ni mdogo wao au dada yao, anapokea maji ya wote. Kanuni ya Familia ya nchi yetu ya mwaka 1987, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi bila kubagua wa kike na wa kiume. Haifai usawa huo uzamishwe na ukuta wa kaka.

Kwa hiyo, ungali hai, chora kwanza njia ya maji, ndipo ugawe kinachobaki. Tenga ukanda wa mita 1 kwa ajili ya mfereji na nusu mita ya nyasi kila upande, kutoka mpaka wa juu hadi mpaka wa chini, na uandike kwamba ukanda huo ni wa watoto wote, haujengwi, haufukiwi wala hauuzwi. Andika pia mistari ya usawa inayovuka vipande vyote, na kwamba kila mwenye kipande anasafisha sehemu yake kabla ya Septemba. Karatasi hiyo isomwe katika baraza la familia, itiwe sahihi na watoto waliofikia umri, na shefu (kiongozi) wa avenyu awe shahidi. Ukimwita mpimaji wa kadasta (ofisi ya upimaji wa ardhi) kwa ajili ya hati ya usajili, mwombe auonyeshe ukanda huo kwenye mchoro wenyewe, kwa sababu maneno ya mdomo hayamfungi atakayekuja kununua.

Waalike majirani wa juu na wa chini. Mimi nilichelewa kwa miaka mingi, na nilipokwenda hatimaye kwa yule mama aliyepoteza choo, nilimwambia, "Mama, maji yaliyoangusha choo chako yalikuwa ya bati letu. Nimekuja tuangalie pamoja yapite wapi."

Alinitazama kwa muda. "Papa yako alijua," akasema, "na mimi nilijua. Nilikuwa ninangoja mmoja wenu ashuke aseme. Ingia, mtoto wangu, ukae."

Alitupa njia ya mita 1 kando ya nyumba yake. Sisi tulinunua saruji na kujenga choo kipya, wanawe wakabeba mawe. Mfereji ule usingewezekana kamwe kwa kuandika barua.

Daftari

Mambo yote haya yanahitaji mahali pa kukaa, kwa kuwa anayejua bomba linapita wapi ndiye anayekufa kwanza. Nunua daftari lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza uwe mchoro wa kiwanja, wenye mshale wa mteremko, mfereji, mistari, mabomba ya chini ya ardhi, choo cha zamani kilichofukiwa, na shimo lolote lililowahi kujazwa taka, ili mtu asije akajenga chumba juu yake. Kurasa zinazofuata ziwe za miti: aina, tarehe ya kupandwa, aliyeipanda, na kazi yake, kwa maana mtoto asiyejua kwamba mstari wa vetiva unazuia ukuta ataung'oa akidhani ni magugu. Andika pia mwezi ambao chemchemi hupungua, pamoja na alama za hatari nilizozitaja, na mahali pa kukimbilia usiku. Daftari hilo likae pamoja na hati ya kiwanja, katika mfuko mmoja, na nakala yake iwe kwa mtoto mmoja anayeishi mbali.

Kurasa za mwisho ziwe za kigingi, zenye safu tatu: tarehe, kipimo, na jina la aliyepima. Kila Septemba, kabla ya mvua kubwa, ninawapa watoto utepe na wao wenyewe wanashuka kupima. Tulipanda vetiva wakati kipimo kilikuwa mita 4 na sentimita 30. Mwaka huo ukingo ulikatika tena, zikabaki mita 4 na sentimita 10. Mstari wa mwisho katika daftari letu umeandikwa kwa penseli na binti yangu mdogo, na kabla ya kuuandika alipima mara mbili, kisha akamwita kaka yake apime ya tatu: mita 4 na sentimita 10.